Bata weupe waliotelekezwa bwawani: tafuta kwanza pa kuwapeleka, kukamata ni baadaye

Mleta uzi, pole, na asante kwa kuwajali. Umeandika kwamba bata watatu weupe walitokea kwenye bwawa la bustani karibu na apatimenti yenu baada ya Pasaka, hawaruki, watu wanawatupia mkate, na sasa Oktoba inaisha unahofia baridi. Unauliza kama uwakamate uwaweke roshani mpaka majira ya kuchipua. Mimi pia niko hapa Ohio, Marekani, na kwa miaka kadhaa nimekuwa kwenye kikundi cha watu wa kujitolea tunaowatoa bata na mabata bukini wa kufugwa kwenye mabwawa ya namna hiyo. Jibu langu: ndiyo, watolewe kabla bwawa halijaganda, lakini usimguse hata mmoja kabla hujajua watalala wapi usiku huo, na wataishi wapi baada ya hapo.

Nianze na wadau waliosema "waacheni, bata ni ndege wa maji, atajitafutia." Naelewa mawazo hayo yanatoka wapi. Bata niliokua nao nyumbani Mkuranga, na nadhani wengi humu mlikua nao hao hao, ni Muscovy: yule mwenye nyama nyekundu usoni, anayefoka badala ya kupiga kelele, anayeweza kuruka mpaka juu ya paa, anayeatamia mayai yake siku 35 na kukuletea vifaranga uani. Anashinda shambani, jioni anarudi mwenyewe. Huyo ni spishi ya peke yake, asili yake Amerika ya Kati na Kusini. Bata mweupe mwenye mdomo wa rangi ya chungwa uliyemwona wewe, kwa maelezo yako, ni Pekin. Ukoo wake ni bata-mwitu wa kichwa cha kijani, lakini amefugwa China kwa vizazi na vizazi, akaletwa Marekani mwaka 1873, na huku akaendelezwa kwa ajili ya nyama. Wiki ya saba tayari anafaa kuchinjwa. Akikomaa anafika kilo nne na zaidi, wakati bata-mwitu ana kilo moja na kitu, kwa hiyo mabawa hayawezi kumwinua akimwona mbwa. Weupe wake unaonekana toka mbali, mchana na usiku. Bata wa namna hii kwenye bustani ni sawa na mbuzi aliyeachwa Mikumi: majani yapo, maji yapo, na simba nao wapo.

Wanafikaje pale? Kabla ya Pasaka maduka ya pembejeo huku huuza vifaranga, na watoto hawawezi kupita bila kumtaka mmoja. Majimbo kadhaa yana sheria za kuzuia kuuza kifaranga mmoja mmoja, na bado watu wananunua. Shule nyingine huatamisha mayai kwenye mashine darasani, siku 28 zikitimia vifaranga vinatoka, halafu hakuna aliyepanga vitakwenda wapi. Ndani ya miezi miwili kifaranga kimekuwa bata mzima anayechafua kila mahali, na familia inampeleka bwawani ikiamini inampa uhuru. Wengi wao si watu wabaya. Lakini wajue kwamba hapa Ohio kifungu cha 959.01 cha sheria za jimbo kinamkataza mwenye mnyama wa kufugwa kumtelekeza, na bata wa kufugwa ni mnyama wa kufugwa.

Msimu wa joto unawadanganya watu, kwa sababu bata anaonekana ananenepa. Mkate unamshibisha bila kumlisha. Kifaranga kinachokua kwa vyakula vya wanga mtupu kinaweza kupata bawa linalopindia nje kwenye kifundo. Ukiwahi kulifunga kikiwa kidogo linarudi, kikishakomaa halirudi tena. Vifaranga vya bata pia vinahitaji niasini, ile vitamini B3, kuliko vya kuku, na vikiikosa miguu inapinda. Joto likizidi na maji yakituama, bakteria wa botulizimu hutengeneza sumu inayolegeza shingo mpaka bata anazama huku ana uhai. Halafu kuna mambo ya wavuvi: mishipi ya nailoni inayokata miguu, ndoana, na vipande vya madini ya risasi ambavyo bata humeza akidhani ni changarawe.

Baridi yenyewe siyo inayowaua kwanza. Pekin mwenye afya, mwenye majani makavu ya kulalia, anahimili baridi kali. Shida ni barafu. Bata asiyeruka ana kimbilio moja tu, maji ya wazi. Bwawa likiganda koyote, yule mbwa-mwitu mdogo wa huku, anatembea juu yake mpaka bata alipo. Ndiyo maana nakusihi mfanye kazi hii Novemba, msingoje Januari. Na ikitokea wamenasa katikati ya barafu, asithubutu mtu kukanyaga pale. Piga simu zimamoto.

Sasa pa kuwapeleka. Roshani haifai. Mkataba wa nyumba huenda hauruhusu, kinyesi kitamfikia jirani wa chini, na bata hawawezi kukaa miezi mitano bila maji ya kuoga. Bafu lako kwa usiku mmoja au miwili, taulo zimetandikwa chini, ni sawa kabisa. Tafuta hifadhi za wanyama wa shambani, vikundi vya kuokoa ndege wa maji, na shirika la kutunza wanyama la kaunti yako. Uliza bila aibu: bata wakikosa wa kuwachukua mnawafanyaje? Wapo wanaowaua, na ni haki yako kujua kabla. Kwa mtu binafsi anayesema atawachukua, omba picha ya banda la usiku. Lazima lifungwe imara, maana rakuni, mnyama mdogo wa usiku wa huku mwenye vidole vyepesi, anajua kufungua komeo jepesi na mkono wake unapita kwenye wavu wa kuku. Muulize pia ana madume mangapi. Dume mmoja anahitaji majike watatu au wanne, wakiwa wachache zaidi atawaumiza kwa kuwapanda. Jinsia utaijua kwa sauti: jike ndiye mwenye kelele kubwa, dume anakwaruza kama aliyekaukiwa koo, na dume mzima ana unyoya uliojikunja juu ya mkia. Watatu hao wamekaa pamoja toka udogoni, jitahidi waende pamoja.

Wakati huo huo zungumza na ofisi ya bustani. Bwawa ni mali ya jiji au kaunti, na barua pepe fupi ya kuwaruhusu inakuokoa na maswali ya polisi. Hakikisha pia unatoa wa kufugwa tu. Bata-mwitu na bata bukini wa Canada wanalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1918 ya ndege wahamao. Kumchukua bila kibali adhabu inaweza kufika faini ya dola 15,000 na kifungo cha miezi 6. Kwa wale wenzetu ambao makaratasi yao ya uhamiaji bado yako mezani, kesi ya namna hiyo si ya kuchezea. Na ndugu aliyeandika "kitoweo hicho, chinja tu," tafadhali usifanye hivyo. Bata wa bwawa la mjini hujui amemeza risasi kiasi gani, na hiyo haiishi kwa kuchemsha.

Kukamata kunataka subira kuliko mbio. Ukimfukuza bata majini amekushinda, na kesho atakukimbia akikuona tu. Anza kuwalisha kila siku saa ile ile, mahali pale pale, nchi kavu, hatua nyingi kutoka majini. Mahindi yaliyoparazwa au njegere za kwenye friza zikishayeyuka, wanazipenda sana. Wakishakuzoea, leta uzio wa kukunja ule wa mbwa na usimamishe upande mmoja tu, wawe wanakula pembeni yake mpaka wasiushtukie. Ongeza upande wa pili, kisha wa tatu. Siku yenyewe muwe watu wanne au watano, na kazi kubwa ni ya wale wanaosimama kati ya bata na maji. Mikono imenyooshwa, hatua za polepole, hakuna kupiga kelele. Bata hutembea kwa kundi. Wa mbele akiingia, wengine wanafuata. Mmoja akipenya akarudi majini kabla hujafunga, acheni wote kwa siku hiyo. Nalisisitiza hili kwa sababu ndipo vikundi vingi vinapoharibu: wanachukua wawili, wanamwacha mmoja, naye anabaki analia peke yake na hakubali tena kusogea karibu na mtu.

Ukimshika, bana mabawa yote mawili kwenye mwili wake, mkono mmoja upite chini ya kifua, mkia uangalie mbele. Usimwinue kwa shingo, kwa miguu wala kwa bawa moja. Mifupa ya miguu ya Pekin ni dhaifu kwa uzito anaobeba. Taulo jepesi juu ya kichwa linamtuliza. Kreti ya mbwa yenye taulo chini inatosha kwa safari.

Vaa glavu na barakoa. Tangu mwaka 2022 mafua ya ndege ya H5N1 yameingia kwenye mashamba na kwa ndege wa mwituni hapa Marekani, na ndiyo sababu baadhi ya hifadhi zinasita kupokea. Ukiona ndege waliokufa pembeni ya bwawa, au bata anayetetemeka na kupinda shingo, usiguse kitu, ripoti idara ya kilimo ya jimbo. Waliookolewa wakae mbali na ndege wengine siku 30. Wapelekwe kwa daktari wa mifugo anayetibu ndege (piga simu kwanza, wengi hawatibu), awapime risasi na kuangalia nyayo, kwani kigaga cheusi chini ya mguu mara nyingi ni jipu linalopanda ndani. Chakula kiwe cha bata, na ndoo ya maji yenye kina cha kuzamisha kichwa chote, wasafishe macho na pua.

Weka hapa picha ya kila mmoja, ikionyesha mkia na miguu, na jina la kaunti. Jina la bustani nitumie kwa ujumbe wa faragha, usiliandike hadharani. Uzio na kreti ninavyo, na nikijua zamu zangu za kazini nitakuambia wikiendi gani naweza kuja na wenzangu. Kuanzia kesho, ukipita pale na mahindi yako, hesabu kama bado wako watatu, na utazame kama kuna anayechechemea au ambaye manyoya yake yanalowa anapoogelea. Huyo wa manyoya yanayolowa huenda tezi yake ya mafuta imeshindwa kazi, anaweza kuzama. Ukimwona niambie mara moja, tutamwendea na kayaki, mtumbwi mdogo wa makasia, bila kusubiri uzio.