Maswali ya jikoni: mkate wa kumimina unaogoma, na nyama ya Idd

Shikamoo bibi. Mie niko Makorora hapa Tanga, nimeolewa mwaka jana. Mkate wa kumimina nimeshajaribu mara 3, kila mara juu unaungua katikati mbichi kama uji. Mama mkwe hasemi kitu ila namuona anamega pembeni tu. Hamira natia vijiko viwili ili uumuke vizuri. Nakosea wapi?

Marahaba mwanangu, pole. Hiyo hamira punguza leo leo, mchele vikombe 2 unataka kijiko kimoja cha chai basi, ukizidisha rojo linapanda mbio afu linashuka na mkate unanuka uchachu. Na uijaribu kwanza kwenye maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, dakika 10 isipotoa povu imekufa hiyo, tupa.

Ila kinachokusumbua zaidi naona ni maji. Mchele uliolala usiku kucha umeshakunywa maji yake, uchuje mpaka uache kudondosha, ndo usage na tui zito peke yake, na lisiwe la moto maana litaua hamira. Blenda ikikwama ongeza tui kijiko kijiko, usimimine! Rojo liwe zito, ukiinua upawa lidondoke kwa uvivu. Afu liache liumuke na hapa saa usiiangalie kabisa, mwezi wa 2 kaskazi ikivuma na joto letu la Tanga saa moja yatosha, mwezi wa 7 nshasubiri karibu masaa mawili, we angalia mapovu. Sukari tia likishaumuka, wengi wanatia mwanzo na sukari inalegeza rojo, ndo maana linakuwa kama uji. Tia na iliki na ute wa yai uliopigwa, liache tena robo saa.

Sufuria ipate moto na mafuta kijiko kimoja, ukimimina usikie chwaaa, acha chini kushike kidogo ndo ufunike upalie makaa juu. Yako yanazidi mapema ndo maana juu panaungua, anza na machache, ongeza mwishoni upate ile rangi. Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu epua, na usiukate wa moto jamani nawajua nyie, harufu ile ya tui na iliki inatesa lakini ngoja upoe. Huyo mama mkwe atakata kipande cha katikati mwenyewe, na chai ya rangi pembeni.

Bibi, Idd kubwa tunapata nyama nyingi na umeme ukikatika inaharibika kwenye friji. Mama anasema zamani walikausha. Nlianika juani ikatoa funza. Niko Pangani.

Pole sana, nyama ya Idd kuitupa inauma. Ila juani si mahali pake miaka hii, Idd inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka na sasa inatuangukia mwezi wa 5, masika hayo, hewa imejaa unyevu na nzi ndo wakati wao. Kausha kwa moto. Kata vipande virefu vyembamba kwa kufuata nyuzi za nyama, mafuta yote toa maana ndo yanayochacha, sugua chumvi na ndimu na pilipili manga, ilale mpaka asubuhi. Chumvi inavuta maji nje, utayaona kwenye bakuli, yamwage. Ichemshe kidogo, afu itungike kwenye waya juu ya makaa yanayofifia, moshi uipitie, usiichome. Ikikauka ukiikunja inapasuka nyuzi bila kutoa maji. Afrika Kusini wana biltong yao ya siki na giligilani, Wasomali wana nyirinyiri, hiyo wanakata vidogo wanakaanga wanaizamisha kwenye samli, mie hii ya samli ndo naipenda kuliko zote.

Ukitaka kuila iloweke maji ya moto nusu saa, uyamwage yale maji ya chumvi, uipike na tui na bamia au nyanya chungu, na bada la moto, yaani ugali wa muhogo. Watoto wangu wakubwa wakirudi nyumbani hawaulizi biriani, wanauliza hiyo.