Kuchimba kisima cha umwagiliaji bila kibali, faini yake ni shilingi ngapi?

Kamwene mkuu. Umesema fundi wa rigi, ile mashine ya kuchimba visima, kakwambia kibali cha bodi ya maji ya bonde ni longolongo, uchimbe tu kisima cha nyanya hapo Ilula, wakija utalipa faini yaishe, sasa unataka kujua hiyo faini ni kiasi gani uiweke kwenye bajeti. Mimi ni mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji huku huku Kilolo na kesi ya namna hiyo nimeishuhudia toka inaanza mpaka inaisha, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo.

Hiyo hesabu imekaa vibaya toka mwanzo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji yote ni ya umma, ya mtoni na ya chini ya ardhi, Rais ndo mdhamini kwa niaba ya wananchi, kwa hiyo hata kama shamba ulirithi kwa babu yako maji ya chini yake huwezi kuyavuta kwa biashara mpaka upewe kibali. Ukivunja unaweza kufikishwa mahakamani ukala faini au kifungo au vyote. Ila mkulima hauliwi na faini mkuu, anauliwa na amri ya kusimamisha, na hiyo huwezi kuiwekea bajeti.

Kuna jamaa, jina silitaji, alileta wachimbaji wasio na leseni, akashusha kisima kirefu, akafunga pampu ya kuzama yenye nguvu akawa anavuta toka alfajiri mpaka usiku. Kiangazi kilipokolea visima vya mkono vya akina mama wa upande wa chini vikaanza kutoa tope, watu wanasema ni ukame tu. Kamati tukaandika barua, wakaja watu wa bodi ya bonde na ule utepe wao wa kupimia kina, wanaushusha kisimani ukigusa maji unalia. Wakamwambia azime pampu, wakapima kisima cha mama mmoja jirani, wakarudi kesho yake asubuhi kupima tena, maji yamepanda. Wakaagiza pampu iwashwe, yakaanza kushuka na sisi tumesimama pale pale tunausoma utepe. Hakubisha mtu, hata mwenye pampu alinyamaza.

Ndo ujue huku kwetu ni mwamba, chini hakuna ziwa limetulia linakusubiri, maji yanapita kwenye nyufa na kwenye lile tabaka la mwamba uliooza juu yake, ukitoboa ufa unaolisha visima vya wenzako mnakuwa mnanyonya mrija mmoja na mwenye pampu kubwa ndo anamaliza soda.

Basi boksi la kuwashia pampu likapigwa lakiri. Nyanya zilikuwa zimeshabeba, kipindi kile ambacho maji yakikatika matunda yanaoza kitako na maua yanapukutika. Akaanza kukimbizana na kibali muda huo, mara sovei ya kuangalia maji chini ya ardhi, mara kupima uwezo wa kisima, na shamba halisubiri makaratasi. Alikuja kufunguliwa msimu umeshamwishia, na masharti juu: afunge mita, avute kwa saa alizopangiwa, asizidishe kiasi kilichoandikwa. Faini alilipa pia, ila ilikuwa hela ndogo ukiilinganisha na mbegu, mbolea na vibarua vilivyozama pale.

Na inaniuma sana watu wakisema bodi zinasumbua wakulima. Mto Ruaha Mkuu toka 1993 unakatika maji kiangazi kule Hifadhi ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye madimbwi, na wote tunajua maji yalivyochepushwa kwenda mashambani huko juu Usangu. Ule ni mto, unauona kwa macho. Ya chini yakiisha unakuja kujua siku ndoo ya jirani inapanda na matope.

Wewe kwa Ilula nenda Iringa mjini, ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, na wa Mufindi na Mbarali ni huko huko. Wanaosoma uzi huu toka Rungwe na Kyela wako Bonde la Ziwa Nyasa, ofisi Tukuyu, Mbozi wako Bonde la Ziwa Rukwa, ofisi Mbeya. Anza na sovei, halafu kibali cha kuchimba, ukishachimba ripoti ya kisima inapelekwa bodi ndo unaomba kibali cha kutumia maji, na kila mwaka kuna ada. Malipo yote kwa kontroli namba, usimpe mtu hela mkononi. Kama shamba limepakana na mto kumbuka pia zile mita 60 toka ukingoni ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira. Kisima kifupi cha mkono cha maji ya nyumbani ni habari nyingine, usichanganye na hiki chako.

Huyo fundi mwambie akuonyeshe leseni yake ya kuchimba kabla hujatoa advansi. Akianza kuzungusha maneno tafuta mwingine, maana rigi ikishaondoka shambani anayeulizwa ni wewe.