Jirani amechukuliwa karantini: je, tuwapelekee futari watoto wake?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mji wa Kale, Mombasa. Tangu tulipofungiwa kwa sababu ya korona tarehe 6 Mei 2020, hakuna kuingia wala kutoka, na usingizi umenipaa. Kwenye simu kila saa ni sauti za kutisha. Wiki iliyopita jirani yetu alipimwa akapatikana na korona, akachukuliwa na gari mtaa mzima ukitazama. Mkewe na watoto wamebaki ndani. Tangu siku hiyo hakuna anayewapigia hodi wala kuwapelekea hata kaimati, na mimi ni mmoja wao. Kaka yangu naye hataki barakoa, asema kujikinga ni kuikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, na anataka vijana wakusanyike kwetu wasome Ahlul Badri, ile dua inayosomwa kwa majina ya masahaba waliopigana vita vya Badri. Je, hofu yangu ni upungufu wa imani? Na wale watoto niwafanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Nililisoma swali lako baada ya kufuturu, nikalirudia baada ya daku, kwa sababu ya yale maneno uliyoyapachika katikati: "na mimi ni mmoja wao". Nitayarudia.

Kwanza hofu. Katika Suratul Baqara, aya ya 155, Mwenyezi Mungu anatuambia atatujaribu kwa kitu cha hofu, na njaa, na upungufu wa mali na watu na mazao. Hofu imetangulia, hata njaa imekuja nyuma yake. Basi hofu yenyewe ndiyo mtihani. Kuipata si kufeli. Nabii Musa alihisi hofu nafsini mwake mbele ya wachawi wa Firauni, na hakuna aliyemvua utume kwa hilo. Ila kuna hofu tunayojipikia wenyewe. Suratun Nisaa, aya ya 83, inawalaumu wanaopata habari ya amani au ya kutisha wakaitangaza papo hapo, badala ya kuirudisha kwa wanaojua. Sauti isiyo na mwenyewe ifute, hata kama imemaliziwa kwa dua. Hizo za dua ndizo zinazosambaa zaidi.

Kaka yako msalimie, umwambie swali lake si geni. Khalifa Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa safarini kwenda Sham, yaani upande wa Syria. Alipofika Sargh, njiani, akapewa habari kwamba huko kumeingia tauni. Akashauriana na masahaba, wakahitilafiana, mwisho akaamua kurudi. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu: naam, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka kwenye bonde lenye pande mbili, moja ina malisho na nyingine kavu. Popote atakapowalisha, si atakuwa amewalisha kwa kadari? Kisha akaja sahaba mwingine, Abdurrahman bin Auf, na hadithi ya Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam: mkisikia tauni iko katika nchi msiiingie, na ikitokea mlipo msitoke kwa kuikimbia. Barakoa ni kuchagua upande wenye malisho, basi.

Kuhusu kisomo cha Badri, ugomvi wa kama chafaa au hakifai siuingii leo. Tazama tu huko kukusanyika. Ibn Hajar al-Asqalani, bingwa wa hadithi aliyefiwa na mabinti zake kwa tauni, ameandika aliyoyaona Cairo mwaka 833 Hijria. Waliokuwa wakifa kwa siku hawakufika 40. Watu wakaitwa wafunge siku tatu, wakatoka jangwani wakaomba kwa pamoja, wakarudi. Mwezi haukwisha ila wanaokufa kwa siku walikuwa wamepita 1,000. Hawakukosea kuomba. Vijana na waombe, kila mmoja kwao.

Sasa jirani, na yale maneno yako, "na mimi ni mmoja wao". Mtume amekataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwenye ngamia wazima. Kwa hiyo mwenye dalili akazificha, akaendelea kuingia majumbani mwa watu, amefanya haramu. Hilo masheikh tunalisema sana. Tusilolisema ni nani anayemfanya afiche. Mtu akiona aliyejitokeza kupimwa amegeuzwa gumzo la mtaa, na watoto wake wameshinda bila mtu wa kuwauliza hali, naye kesho akikohoa atafunga mlango na kunyamaza. Dhambi yake itabaki yake, lakini sisi tumo ndani yake. Kwa maoni yangu, mtaa unaomwaibisha mgonjwa unausaidia ugonjwa kuliko asiyevaa barakoa, na kaka yako hapo atacheka.

Mtume alimwambia sahaba wake Abu Dharr akipika mchuzi azidishe maji, kisha awaangalie jirani zake. Hakumwambia achinje. Wewe leo jioni ongeza maji kwenye uji na kwenye mbaazi. Osha mikono kwa sabuni, vaa barakoa, weka sinia mlangoni kwao, bisha, kisha rudi nyuma ukaseme nao kwa mbali. Usiingie, nao wasitoke. Wamewekwa ndani kwa ajili yako na wanao. Na mwambie mama mwenye nyumba vyombo asivirudishe kwanza. Najua desturi yetu, bakuli la jirani halirudi tupu, naye atahangaika kutafuta cha kulijazia.

Wanaoweza zaidi wasingoje usiku wa Idi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, zakatul fitri, ile zaka ya chakula ya kumalizia Ramadhani, yafaa kutolewa tangu siku ya kwanza ya Ramadhani: pishi moja, yaani vibaba vinne vya chakula kinacholiwa na watu wa mji, kwa kila kichwa. Vibarua wa hapo kwenu ambao hawatoki kwenda kazini wanaihitaji leo. Na mwenye duka anayeficha mchele ungoje bei, Mtume amekwisha kumwita mkosaji.

Tarawehe, sala ya usiku ya Ramadhani, swali nyumbani na wanao bila kinyongo. Mtume mwenyewe aliiswali na watu siku chache tu msikitini, kisha akaiswali kwake.

Kabla ya kupeleka sinia, mpigie simu yule mama. Muulize watoto wanapenda nini. Usimuulize mumewe aliupata wapi.

Wallahu a'lam.