Damu ya moto si sifa
Dada umeuliza kuna ubaya gani Wamarekani kusema wanawake wa Kilatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kama Meksiko) ni warembo wenye damu ya moto, yaani wepesi wa kuwaka, ubaya ni kwamba wakishakuweka hapo hawakuoni pengine popote. Mcheki marehemu Lupe Ontiveros, mwigizaji Mlatino mzaliwa wa Texas, alikuwa na digrii yake, kafanya ustawi wa jamii miaka kibao, kuingia kwenye filamu ikawa hausigeli tu, mwenyewe alikadiria kaigiza hausigeli kama mara 150!! na alikuwa akienda usaili akaongea Kiingereza kilichonyooka kazi anakosa. Alafu 2009 Sonia Sotomayor, Mlatino pia, aliyekuwa jaji kwa miaka 17, anahojiwa Seneti aingie Mahakama ya Juu, seneta anamuuliza eti ana tatizo la hasira? Hiyo ndo damu ya moto mnayosifia, inaniuma sana.