Mume wangu anatumia ARV kwa siri, mimi nimepima sina. Inawezekanaje?

SWALI: Shikamoo sista. Niko Mafinga, nina miaka 29 na mimba ya miezi minne. Mume wangu nilimkuta amefiwa na mke wake wa kwanza, nikaambiwa alikuwa na kifua. Tuna miaka mitatu kwenye ndoa. Mwezi uliopita nafua koti lake la baridi, nikakuta kopo la vidonge, karatasi yake imebanduliwa na ndani limeshindiliwa pamba. Nilipeleka kidonge kimoja duka la dawa, wakaniambia ni ARV. Kumbe mama mkwe anajua, wifi anajua, mimi tu ndiye sijui. Kliniki ya wajawazito nilipimwa peke yangu, sina. Jirani anasema labda ni damu ya kundi O. Je, kipimo kimekosea? Na mtoto wangu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hiyo pamba naijua. Wagonjwa wetu wengi huiweka ili kopo lisilie likiwa kwenye begi au mfukoni. Nimeiona mara nyingi mno katika miaka yangu ya kliniki ya tiba na matunzo, na kila mara naumia, kwa aliyeficha na kwa aliyefichwa.

Kundi la damu liache kabisa. O, A, B, wote wanaambukizwa sawasawa.

Kilichokulinda, kwa ninavyosoma barua yako, ni vile vidonge vyenyewe. ARV haziui virusi, zinavizuia visizaliane. Mtu akimeza kila siku bila kuruka, virusi kwenye damu hupungua hadi mashine isivione, na hapo havipo vya kutosha kumfikia mwenzake. Kuna utafiti wa Ulaya uliotangazwa mwaka 2016: jozi 888 za wenza, katika kila jozi mmoja ana VVU na virusi vyake viko chini ya nakala 200 kwa mililita ya damu, mwingine hana. Walikutana bila kondomu zaidi ya mara 58,000. Hakuonekana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake.

Lakini kumeza dawa na kufubaza virusi ni mambo mawili, na hapa ndipo nataka utulie nami. Ukweli uko kwenye kipimo cha wingi wa virusi, kile tunachokiita HVL. Hupimwa miezi 6 baada ya kuanza dawa, kisha kila mwaka mtu akiendelea vizuri. Mume wako ana majibu hayo kwenye faili lake, popote anapochukulia dawa. Wapo wanaotoka Mafinga kwenda kuchukulia Makambako ili wasionane na jirani foleni. Foleni ndefu au safari ya kazi ikimfanya aruke dozi, virusi vinaweza kurudi ndani ya wiki chache. Kwa hiyo mpaka uyaone majibu ya karibuni kwa macho yako, tumieni kondomu. Uliza pia kuhusu PrEP, vidonge vya kinga kwa asiye na VVU. Mjamzito na anayenyonyesha wanaruhusiwa kuvitumia.

Kipimo chako sidhani kimekosea. Ila kile cha kidole kinatafuta askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya VVU, na askari hao wanaweza kuchelewa kuonekana hadi miezi mitatu tangu mtu aambukizwe. Rudia baada ya miezi mitatu, usisubiri kujifungua, na uendelee kupima hata ukinyonyesha. Mtoto hapati VVU kwa baba moja kwa moja, anapata kwa mama. Ukibaki huna, naye yuko salama, na utamnyonyesha kama mama mwingine yeyote. Hatari kubwa ni mama kuambukizwa katikati ya mimba au kunyonyesha, kwa sababu wakati huo virusi huwa vingi mno mwilini. Ndiyo maana nakusisitizia kurudia.

Sasa ombi langu kwako. Usivitupe vile vidonge kwa hasira, wala usivifiche ili kumkomoa. Nimewahi kuona mke akifanya hivyo. Na kama anavihamishia kwenye mfuko wa nailoni, mwambie aviache kwenye kopo lake lililofungwa vizuri, ukungu wetu huku juu una unyevu na unyevu huharibu dawa.

Je, amekosea? Ndiyo, amekosea. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mwenye VVU amwambie mwenzi wake mara tu anapojua, na wewe ulikuwa na haki ya kujua kabla ya kuvaa pete. Lakini mtu aliyezika mke anaweza kuogopa kufungua mdomo mbele ya wa pili. Simtetei. Nakueleza ninachokiona kila wiki, hasa mkoani kwenu na Njombe, ambako utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 ulikuta zaidi ya watu wazima 11 katika kila 100 wanaishi na VVU. Kuhusu marehemu, sitakisia ugonjwa wake kwa barua.

Usianzie kwa mama mkwe. Atajua kwamba nawe umejua mwanawe akishasema. Anzia kliniki ya wajawazito: hudhurio lijalo mwambie mume wako kwamba wanataka baba aje, maana kweli wanataka. Kabla ya siku hiyo, mnong'oneze nesi kwamba ungependa mpewe ushauri wenza, wote wawili chumba kimoja. Hapo atapata nafasi ya kusema mwenyewe, na mtu wa tatu yupo wa kuwashika mkono. Kama una hofu ya kupigwa, usimkabili nyumbani, mwambie nesi hilo kwanza. Akishasema, usimuulize "kwa nini" siku hiyo hiyo. Muulize HVL yake ya mwisho ilikuwa ngapi, na ilipimwa lini.