Uzito umerudi, kimo bado: mtoto mwenye siliaki baada ya kuacha ngano

SWALI: Binti yangu ana miaka mitatu na miezi mitatu. Miezi tisa iliyopita alipatikana na siliaki, ugonjwa wa utumbo unaomkataza kula ngano, akiwa na kilo 9.1 na urefu wa sentimita 81. Alipimwa akiwa amelazwa kwenye ubao, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kusimama. Tangu siku hiyo hali mkate, chapati wala mandazi. Asubuhi anakunywa uji wa unga wa lishe ninaoununua sokoni. Sasa ana kilo 12.3 na, akiwa amesimama, sentimita 88.5. Tumbo limeshuka na anacheza, lakini mtoto wa jirani wa umri wake anamwacha mbali kwa kimo, na mara mojamoja bado anaharisha. Je, chakula hiki kinamsaidia, au nimrudishe hospitali? (Mama, Jinja)

JIBU: Kinamsaidia, mama, tena kuliko namba zako zinavyoonyesha kwa mtazamo wa kwanza. Mtoto aliyelazwa hupimika mrefu kidogo kuliko aliyesimama, na ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) huelekeza kutoa sentimita 0.7 iwapo mtoto aliyetimiza miaka miwili amepimwa akiwa amelala. Kwa hiyo kimo chake cha kuanzia kilikuwa sentimita 80.3, na amerefuka sentimita 8.2 katika miezi tisa, wakati msichana wa wastani hurefuka takribani 6.4 kati ya mwezi wa 30 na wa 39. Uzito umekwenda kasi zaidi: ameongeza kilo 3.2, karibu maradufu ya kawaida ya umri huo.

Mtoto wa jirani si kipimo kizuri. Angalia mstari wa chini wa chati ya ukuaji, ule ambao mtoto akiwa chini yake huitwa mdumavu. Siku ya kwanza binti yako alikuwa zaidi ya sentimita 3 chini ya mstari huo. Leo amebakiza chini ya sentimita moja kuufikia. Mtoto aliyedumaa anapopona, cha kutazama ni mwendo wake kati ya kipimo kimoja na kingine, kwa sababu mahali alipo leo bado panabeba madhara ya miezi aliyougua.

Kimo huchelewa kwa sababu inayoeleweka. Katika siliaki, kinga ya mwili huchochewa na gluteni, yaani protini ya ngano, shayiri na rai, ikaharibu vijidole vidogo vya ukuta wa utumbo mwembamba vinavyofyonza chakula. Gluteni ikiondolewa, vijidole huota upya, na mwili hujaza kwanza nyama na mafuta. Mifupa hurefuka kwa kichocheo kinachotengenezwa hasa na ini, ambacho hupungua sana mtoto anapokonda, na hurudi polepole. Kwa kawaida uzito hukaa sawa ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili, ilhali kimo kinaweza kuchukua miaka miwili au mitatu.

Kinachonitia wasiwasi ni kule kuharisha, na hapo nautazama kwanza uji. Unga wa lishe wa sokoni ni mchanganyiko wa mahindi, soya, ulezi na vinginevyo. Wauzaji wengine huongeza ngano, na hata asiyeongeza huenda anasaga kwenye kinu kilichotoka kusaga ngano muda mfupi uliopita. Chakula huhesabiwa kuwa hakina gluteni kikiwa na miligramu zisizozidi 20 kwa kilo. Robo gramu hivi ya unga wa ngano, kiasi cha kubana kwa ncha za vidole viwili, yatosha kuifikisha kilo nzima ya unga kwenye kikomo hicho.

Nunua ulezi wa punje, uchambue kwenye ungo ukitoa punje za nafaka nyingine, uuoshe, uuanike, kisha uusage kwenye kinu kisichopokea ngano kabisa, au kwenye jiwe la nyumbani. Usimkaangie yai kwenye kikaango cha chapati. Matoke, posho (ugali wa mahindi), wali, mihogo na viazi vitamu havina gluteni kwa asili yake, ila havijengi mwili vikiwa peke yake. Vitiliwe maharage, mukene (dagaa), karanga za kusaga au simsim (ufuta). Maziwa, ambayo mwanzoni huwasumbua baadhi ya watoto hawa, kwa kawaida huvumilika utumbo ukishapona.

Ukibadilisha unga na kuharisha kukaendelea, apimwe choo, kwa maana mwenye siliaki naye hupata giardia (kijidudu cha utumboni) na minyoo kama wenzake. Vilevile umwombe daktari arudie kipimo cha damu cha tTG-IgA, kinachopima kingamwili za siliaki, pamoja na wingi wa damu. Kingamwili hizo zinapaswa kuwa zimeshuka waziwazi ikilinganishwa na siku ya kwanza; zikiwa bado juu, gluteni inapita mahali fulani. Zikiwa zimeshuka lakini kimo kikasimama, ndipo daktari atafute sababu nyingine, kwa mfano tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri.

Neno moja kwa wazazi wengine, kwa kuwa najua barua hii itawafanya waitupe ngano: msiiondoe kabla ya kipimo, maana mtoto asiyekula gluteni anaweza kupata majibu safi ilhali ni mgonjwa. Tena, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 29 ya watoto wa Uganda walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na wengi wao hawakudumazwa na siliaki bali na uhaba wa chakula bora na maradhi ya mara kwa mara.

Mama, mpime binti yako tena baada ya miezi mitatu, akiwa amesimama bila viatu, nywele zisizosukwa juu, kwenye ubao uleule wa leo. Ukiona ameongeza sentimita 2 au zaidi, endelea kama unavyofanya. Akiongeza chini ya hapo, usisubiri, mpeleke.