Shangazi, usiku umekuwa mrefu kuliko mchana

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41, ni mwalimu wa shule ya msingi Morogoro. Nimekutwa na saratani ya titi. Kwa sasa nimefikia kwa wifi yangu Mbagala, natibiwa Ocean Road, na nimeshatundikiwa dripu mara mbili, ile yenye dawa nyekundu. Tatizo langu ni usiku. Ikifika saa nane macho makavu, nahesabu misumari ya dari, mwisho nachukua simu nasoma habari za waliokufa kwa ugonjwa huu. Siku za dawa ndiyo mbaya zaidi, mwili unachangamka kama nimemaliza birika zima la kahawa. Mama mchungaji ananiambia asiyelala hajamkabidhi Mungu mzigo wake. Jirani kaniletea Valium. Wanangu wawili hawajui, tumewaambia nina vidonda vya tumbo. Mkubwa, binti, yuko kidato cha pili, hunipigia kila siku saa tatu usiku. Nifanye nini nilale? — Mwalimu, Mbagala*

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

La mama mchungaji nilimalize haraka. Zaburi ya 6 inamwonyesha Daudi akilowesha godoro kwa machozi kila usiku, na hakuna aliyemwambia hana imani. Mwambie asante kwa maombi, basi.

Sasa twende kwenye jambo ambalo umeliandika kama unapita tu: kwamba siku za dawa ndiyo mbaya zaidi. Nenda sasa hivi kwenye mkoba wako ukatazame zile bahasha za dawa. Nadhani kuna vidonge vidogo ulivyopewa vya kuzuia kutapika, na jina lake huenda ni deksamethasoni. Wengi wanaiita deksa. Dawa hiyo ni nzuri kwa kazi yake, ila ina tabia ya kumchangamsha mtu, moyo unakwenda mbio, mawazo hayatulii, njaa inakuja saa za ajabu. Kwenye bahasha wameandika labda 1x2, na wewe, kama sisi wote tulivyozoea, umesoma "asubuhi na usiku". Yaani unameza kidonge cha kukuamsha halafu unapanda kitandani kutafuta usingizi!

Usiache dawa, na usipunguze kwa akili yako. Chukua bahasha uende nayo kliniki, muulize muuguzi au mfamasia: hiki cha pili naweza kukimeza saa saba au saa nane mchana, baada ya chakula? Mara nyingi jibu ni ndiyo. Na kama una sukari, waambie hapo hapo, maana deksa huipandisha.

La pili ni maji. Najua wamekuambia unywe maji mengi siku za dawa, na lazima unywe, yanasafisha figo na kibofu. Lakini yamalize mchana. Mgonjwa akikumbuka chupa yake saa mbili usiku, atakuwa chooni mara nne kabla ya adhana ya alfajiri, na kila akirudi kitandani ndipo mawazo yanamkuta macho.

Valium ya jirani mrudishie, kwa shukrani. Sisemi dawa ya usingizi ni dhambi. Daktari wako anaweza kukuandikia, na akikuandikia meza bila aibu. Shida ni kwamba yeye ndiye anayejua umetundikiwa nini na unameza nini kingine. Valium ukiizoea wiki kadhaa, kuiacha ni kazi nyingine, na ukiichanganya na dawa kali za maumivu kama mofini inaweza kukulegeza pumzi. Hiyo si ya kujaribu chumbani kwa wifi. Na kama kinachokuamsha ni maumivu yenyewe, sema. Wanawake tumefundishwa kuvumilia hadi mbele ya daktari, tunajibu "sijambo" huku tumeuma meno.

Kuhusu kitanda nikupe ya dada yangu. Aliugua saratani ya shingo ya kizazi, nikamuuguza mimi. Yuko hai, ananigombeza kila wiki. Miezi ile ya mionzi alikuwa halali, nami nilikuwa namwambia "jilazimishe", ushauri wa kijinga kabisa. Siku moja naamka saa tisa usiku namkuta sebuleni, kakaa kwenye mkeka, taa ndogo, sinia la mchele mapajani. Anachambua. Chuya huku, vijiwe huku, polepole, na mchele wenyewe ulishachambuliwa tangu jana. Nikataka kumfokea, akanionyesha kwa mkono nikae. Baada ya muda nikaona kichwa kinainama. Akaweka sinia chini, akaenda kulala.

Miaka ya baadaye ndiyo nikajua kwamba wataalamu wa usingizi wanafundisha jambo hilo hilo. Ukiona kama dakika ishirini zimepita na macho yako wazi, toka kitandani. Fanya kitu kisicho na utamu wala uchungu, kwenye mwanga hafifu, urudi usingizi ukija. Ukilala pale ukihesabu misumari, kitanda nacho kinazoea kuwa mahali pa kuteseka. Asubuhi amka saa ile ile hata kama usiku ulikuwa mbovu. Mchana, siku za baada ya dripu mwili ukidai pumziko upe, lakini siku nyingine nusu saa inatosha, na iwe kabla ya saa tisa. Kutembea kidogo asubuhi mpaka dukani na kurudi nako kunasaidia usiku kuliko unavyodhani.

Simu ilale chumba kingine, mpe wifi. Hao unaowasoma saa nane usiku saratani zao si yako, hatua zao si zako. Maswali yako yana mahali pake. Wewe ni mwalimu, unaandaa andalio la somo. Basi saa kumi na moja jioni kaa na daftari, andika kila kinachokusumbua, na mbele yake jina la mtu wa kumuuliza. "Nauli ya dripu ijayo": ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitali. "Je, nitakatwa titi?": daktari. Usiku swali likija, unaliambia limeshaandikwa.

Lakini kuna moja ambalo daftari halitaliweza. Simu ya binti inaingia saa tatu, anakutakia usiku mwema, unamdanganya, unakata simu, unapanda kitandani. Kila siku. Mimi hata nikiwa na afya yangu nisingelala.

Kidato cha pili si mtoto wa kudanganywa kwa vidonda vya tumbo. Siku utakayorudi Morogoro na kilemba kichwani, nyusi zimepungua, ataelewa peke yake, na kitakachomuuma zaidi ni kwamba kila mtu alijua isipokuwa yeye. Ongea na baba yao kwanza, kisha mwambie binti, mchana, si saa tatu usiku. Maneno machache: "Mama ana saratani ya titi. Dawa ndiyo inayoninyoa nywele. Haiambukizi, na si kosa la mtu yeyote." Akiuliza kama utakufa, usimwapie. Mwambie madaktari wanaitibu na wewe unaitumia dawa, na ukipata majibu mapya utamwambia yeye. Mdogo ataambiwa kwa kiasi chake. Kama bibi yao naye aambiwe au la, angalieni wenyewe, wewe na mumeo mnaujua moyo wake.

Na si kila cha usiku ni mawazo. Ukisikia joto, pima. Likifika 38, au ukitetemeka kwa baridi, au pumzi ikabana, mwamshe wifi mwende hospitali usiku huo huo, maana dripu hushusha kinga na maambukizi hayasubiri kupambazuke. Vilevile ukiona wiki mbili zinapita huna hamu na chochote, au linakujia wazo la kujidhuru, mwambie wifi siku hiyo hiyo na daktari wako bila kuona haya. Hilo nalo lina matibabu.

Kliniki ijayo nenda na bahasha zote, hata zilizobaki tupu. Kisha niandikie walikuambia nini kuhusu kile kidonge cha pili, na binti alisemaje.

Shangazi